Kofia ya Mtani

Siku watu walipokuja kumposa, Amne alikuwa jikoni anachoma anjera, na masikio yake yote mawili alikuwa ameyaacha sebuleni.

Anjera ni mikate laini yenye vitundu, inayoliwa kwa mafuta ya ufuta na sukari. Bibi zake walikuja nayo kutoka kandokando ya mto Jubba, huko Somalia, na katika yote waliyoyatupa njiani wakikimbia vita, ufundi wa anjera hawakuutupa. Mkono wa Amne ulisifiwa Chogo nzima, kijijini kwao Handeni, kwa mikate hiyo. Lakini asubuhi ile mkono ulikuwa kama wa mtu mwingine. Mikate ilikuwa inaungua, inachanika, na mmoja ulikunjamana kama kitambaa cha kufutia meza.

"Geuza mkate, wewe," mama yake, Rukaya, alimwambia.

"Nageuza, mama."

"Unageuza shingo. Mume hajapatikana ushaanza kutuunguzia nyumba?"

Amne alicheka, akarudisha macho kwenye kikaango. Angefanya nini, maskini? Mwenye posa, Twaha, kwa desturi hakutakiwa kuwepo. Alikuwa kwake Kilole, mjini Korogwe, na tangu alfajiri alikuwa akituma ujumbe mpaka simu ya Amne ikaomba kupumzika. Wamefika? Bado. Baba amevaa kanzu gani? Nyeupe. Nyeupe ni dalili nzuri au mbaya? Twaha, niache nipike.

Twaha alikuwa dereva wa trekta la baba yake mkubwa, Mzee Mhina wa Magoma. Msimu uliopita alikuja Chogo kulimia watu mashamba. Kwenye shamba la baba yake Amne akamkuta bibi yake Amne amesimama katikati, mikono kaifungua, analinda mashina yake ya maboga. Dereva mwingine angepiga honi. Twaha alizima injini, akashuka, akaamkia, akauliza, "Bibi, nikupitie wapi?" Shamba lote akalilima akiyazunguka maboga yale kwa adabu kama anayepita mbele ya wanaoswali. Amne alikuwa amepeleka chai shambani. Alimtazama mara moja tu, na hiyo mara moja iliwatosha wote wawili.

Kilichobaki kilikuwa baba.

Mzee Hussein hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa mtu aliyechoka kuitwa majina. Babu zake walikuwa Wazigua wa Handeni hii hii, waliochukuliwa zamani za njaa, wakavushwa bahari, wakauzwa. Wajukuu zao walizaliwa Jubba, wakakulia Jubba, Kizigua kikiwa mdomoni mwao kama akiba. Vita ilipozuka Somalia, Hussein alikuwa kijana. Alirudi na mama yake kwenye nchi ya babu zao akidhani amefika nyumbani, na majirani wakawaita Wasomali. Tangu hapo alijenga ukuta. Watoto wake waolewe na wa kwao, watu wa Jubba, basi. Kulikuwa na Zaidi, mtoto wa binamu yake, aliyechukuliwa na wazazi wake Amerika. Kijana wa simu na zawadi, aliyekuwa tayari kuja wakati wowote atakaoitwa.

"Wa kwetu hata akikasirika hatakuita jina," Mzee Hussein alipenda kusema.

Amne, aliyezaliwa Chogo, akasoma ualimu Korogwe, sasa akifundisha shule ya msingi huko Sindeni, alimwomba, akamsihi, akanuna, akapika, mpaka baba akalegeza. "Nitawasikiliza hao watu wa Magoma," alisema. "Kusikiliza si kukubali."

Basi ndiyo siku yenyewe. Hodi ikapigwa. Amne akasogea kwenye dirisha la jiko linalotazama sebuleni, pazia kalishika kwa vidole viwili.

Mzee Mhina aliingia kwanza, mfupi, mnene, mpole. Nyuma yake aliingia mzee mrefu, mwembamba, amevaa baraghashia ya uzi wa kijani. Huyo alikuwa Mzee Sadala, Mnyamwezi, ambaye baba yake alikuja Korogwe zamani kukata mkonge na hakurudi kwao tena. Nusu ya ndoa za Magoma alizisemea yeye. Ilisemekana hakuna mzazi aliyewahi kukataa posa mbele ya kicheko chake.

Mzee Hussein alikuwa amesimama kuwapokea. Mzee Sadala akampita kama hakumwona, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha mwenye nyumba, kile chenye mikono, akakaa. Akavua kofia, akaitupa mkekani alipokaa bibi yake Amne, Bibi Maryamu, na tasbihi yake.

"Haya!" alisema kwa sauti ya mtu aliyefika kwake. "Watumwa wangu Wazigua! Mbona sijaletewa maji ya kunawa? Nimekuja kumchukua binti yangu, na huyu mwenye kanzu nyeupe atanibebea mzigo mpaka Magoma!"

Jikoni Amne aliachia kicheko. Utani huo aliujua. Shuleni kwake mwalimu mkuu ni Mnyamwezi na mpishi ni Mzigua, na haipiti siku bila kuitana watumwa, kunyang'anyana viti na kudaiana kuku. Ndivyo makabila hayo mawili yanavyopendana tangu enzi.

Kisha akasikia kwamba anacheka peke yake.

"Umesema nani?" baba yake aliuliza.

Mzee Sadala alidhani anajibiwa utani kwa utani. Akanogewa. "Wewe, mtumwa wangu! Husikii? Au nikuuze tena?"

Amne alimwona Mzee Mhina akiinuka nusu. "Ndugu yangu, huyu ni mtani wenu tu, ni desturi..."

"Tokeni nyumbani kwangu."

"Mzee Hussein..."

"Mama yangu amekaa hapo!" Mzee Hussein alipiga kelele, na kwa miaka yote Amne hakuwahi kumsikia akipiga kelele. "Bibi yake aliuzwa kweli! Aliuzwa kweli, sokoni, kwa mikono ya watu! Na wewe unakuja kunichekea mbele yake? Tokeni!"

Mzee Sadala alisimama, mdomo wazi. Aliangaza mkekani kutafuta kofia yake, hakuiona, akapapasa chini ya kiti, hakuiona. Akatoka kichwa wazi, akijigonga kwenye fremu ya mlango, na Mzee Mhina nyuma yake.

Mzee Hussein aligeuka kuelekea dirisha la jiko. "Mwambie huyo dereva wako imekwisha," alisema kwa sauti ya chini, ambayo ilikuwa mbaya kuliko ile kubwa. "Nampigia simu Zaidi aje."

Nyuma ya Amne mkate ulikuwa unatoa moshi, na mama yake aliuondoa.

*

Twaha alimfuata Sindeni katikati ya juma, watoto wameshatoka shuleni. Alikuja kwa pikipiki, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Amne alikuwa kwenye bomba la shule akisafisha ubao mdogo wa kuandikia. Alimwona tangu mbali, akajifanya anausugua ubao kwa bidii.

"Shikamoo, mwalimu," Twaha alisema.

"Nani anaamkia mtu na vumbi hilo? Nawa kwanza."

Alimfungulia bomba. Twaha alinawa uso, akainua kichwa huku maji yanamtiririka kidevuni, akamtazama. Alikuwa na macho yanayotazama kitu kimoja kwa wakati mmoja, na Amne alipokuwa ndicho hicho kitu, alisahau kufunga bomba.

"Umekonda," Twaha alisema.

"Siku hizi chache tu?"

"Mimi nimekonda. Nikadhani na wewe."

Alitaka kucheka, akajikuta analia. Twaha hakumgusa, maana walikuwa uwanjani na Sindeni ina macho. Alisimama tu karibu naye, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, akisubiri.

"Mzee Sadala hali chakula," alisema baadaye. "Hakujua, Amne. Nilipomweleza habari za bibi zenu, alikaa kizingitini akaziba mdomo kwa mkono. Tangu hapo hacheki. Magoma nzima inauliza nani amekufa."

"Kosa ni langu. Nilijua mnakuja na Mnyamwezi. Ningemwambia baba."

"Kosa ni letu wote. Mimi nilidhani kila Mzigua anajua watani wake."

"Kule Jubba kulikuwa na Wanyamwezi gani? Baba amekulia mahali ambapo mtu akikuita hivyo, anakuita kweli."

Maji yalikuwa bado yanatoka, Amne akafunga bomba.

"Na kofia yake imepotea," Twaha aliongeza. "Alishonewa na marehemu mkewe. Anaona haya kuja kuiulizia."

"Nimefagia sebule nzima, sijaiona."

Twaha alivuta pumzi. "Huyo Zaidi anakuja kweli?"

"Baba amemwambia ajiandae."

"Basi twende zetu." Alilisema haraka, kama mtu anayerusha jiwe na kuficha mkono. "Baba mkubwa atatupokea. Binamu yangu alimtorosha mkewe, leo wana watoto, na wakwe wanakuja sikukuu."

Amne alimtazama kijana huyu anayempenda kuliko alivyowahi kumwambia. Moyo wake ulisema ndiyo kabla hajafungua mdomo. Lakini mdomo ulikuwa na akili zaidi.

"Sitaki kutoka kwetu kwa dirisha, Twaha. Baba yangu alifukuzwa nyumbani kwao usiku mmoja, hakupata hata kuaga. Iweje nami nimkimbie bila kuaga? Nataka nitoke kwa mlango, mchana, baba kanishika mkono. La sivyo..."

"La sivyo?"

"La sivyo sijui," alisema, na huo ndio ulikuwa ukweli.

Twaha aliinamisha kichwa. "Sawa. Kwa mlango," alisema. Amne alimpenda zaidi kwa maneno hayo kuliko kwa yote aliyomtumia kwenye simu.

Kisha wazo likamjia. Alisimama na ubao wake mkononi, uso umebadilika.

"Mzee Sadala alipoingia alituita nani?"

"Amne, tusilirudie hilo neno."

"Si hilo. Lile la pili."

"Wazigua. Watani wake ni Wazigua."

"Wewe siku ya kwanza ulipokuja Chogo na trekta, uliulizaje njia?"

Twaha alijikuna shingo. "Niliuliza... kwa Wasomali ni wapi."

"Unaona? Wewe unayenipenda uliuliza hivyo. Baba yuko nchi hii miaka yote, na mtu wa kwanza kuingia kwake akamwita Mzigua bila kuelezwa ni yule mzee. Ndiye tuliyemfukuza!"

*

Jumamosi alimkuta baba yake shambani anakung'uta ufuta. Mafungu yaliyokauka yalikuwa yamesimamishwa kwa kuegemezana. Mzee Hussein alichukua fungu, akaligeuza kichwa chini juu ya turubai, akaligonga kwa fimbo, na mbegu zikamwagika kwa mlio mwembamba wa kupendeza. Bibi Maryamu alikuwa kivulini mwa kibanda cha shambani na ungo wake, akipepeta na kujiimbia.

Amne aliamkia, akakunja mikono ya gauni, akachukua fungu la upande wa pili. Walifanya kazi mpaka turubai likaanza kuwa jeupe.

"Mavuno mazuri, baba."

"Alhamdulillahi." Aligonga fungu. "Kama umekuja kumsemea dereva, sema umalize, tupate kufanya kazi."

"Nimekuja kukuuliza. Hapa jirani wanakuitaje?"

"Unajua wanavyoniita."

"Na kule Jubba?"

Fimbo ilisimama. "Kule," alisema, "nilikuwa mdogo, nimeenda kisimani. Mwenye ng'ombe akaniambia nisubiri mpaka ng'ombe wake wanywe, kisha mbuzi, kisha mbwa. Akaniita kwa neno hilo. Hakucheka, Amne, hakuwa na hasira hata kidogo. Aliniita kama mtu anavyosema huyu ni ng'ombe, huyu ni mbuzi. Nilirudi na ndoo tupu, mama akaniuliza, nikasema kisima kimekauka."

Amne aliweka fungu chini. Hadithi hiyo hakuwahi kuisikia. Alimwona baba yake, mwenye mvi na vumbi la ufuta kwenye ndevu, akawa mtoto mwenye ndoo tupu, akataka kumkumbatia. Hawakuwa watu wa kukumbatiana. Akamfuta tu vumbi begani.

"Pole, baba."

"Yamepita."

"Huyo wa kisimani alikuona wewe ni kitu. Sawa. Lakini mtu akitaka kukudharau, hukaa kwenye kiti chako akadai maji? Shuleni kwangu mwalimu mkuu humtania mpishi hivyo hivyo. Mpishi alipofiwa na mama yake, mwalimu mkuu ndiye aliyeosha vyombo vya msiba na kuchimba kaburi. Mnyamwezi hamtanii Mdigo akamwita Mzigua, baba. Humtania Mzigua. Na hamtanii Msomali kabisa, hana utani naye. Yule mzee alikuja hapa akijua anaingia nyumba ya Wazigua. Hakuulizia karatasi, wala hakuuliza mmetoka wapi. Wewe wote wamekuita mgeni, yeye amekuita mtani."

Mzee Hussein alitazama upande wa kibanda kwa sababu kuimba kulikuwa kumekoma.

Bibi Maryamu alikuwa ameweka ungo chini. Alifungua fundo la kanga kiunoni, akavuta, na ikatoka baraghashia ya uzi wa kijani, imebonyea.

"Bibi!" Amne alipiga ukelele. "Nimefagia nyumba nzima!"

"Ulifagia nyumba, hukunifagia mimi. Niliikalia."

"Mama," Mzee Hussein alisema, "umechukua kofia ya mgeni?"

"Ya mtani. Mtani akiacha kitu chake kinachukuliwa mpaka akikomboe. Bibi yangu alikuwa akinisimulia hayo tukiwa tunatwanga. Siku anakufa alilia, mwanangu, na si kwa maumivu. Alisema, nazikwa hapa na hakuna mtani wa kunitukana. Kwao mtu akifa, mtani huja akaleta fujo, akalala kwenye kaburi, waliofiwa wakacheka kwa nguvu. Yeye tulimzika kimya kimya, kama tunaficha kitu. Mimi nimeishi mpaka uzee huu sijawahi kumwona huyo mtani kwa macho. Yule mrefu alipokikalia kiti chako nikajisemea, ndiye huyo, amekuja."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Ungenisikia? Ulikuwa unapiga kelele," Bibi Maryamu alijibu. "Nami nilikuwa nimekalia kofia."

Amne alijiziba mdomo asicheke. Mzee Hussein aliiangalia ile baraghashia kwa muda mrefu. Kisha akachukua fungu lingine la ufuta, akaligeuza, akalikung'uta polepole mpaka mbegu ya mwisho.

"Mwambie huyo kijana amlete mzee achukue kofia yake," alisema.

"Na ile posa, baba?"

"Nimesema kofia."

*

Walikuja Jumamosi iliyofuata. Safari hii Twaha aliwaleta mwenyewe, akabaki nje kwenye gari la kuazima, mikono juu ya usukani kana kwamba bado anaendesha. Amne alikuwa tena kwenye dirisha la jiko. Safari hii hata mama yake alikuwa ameacha mikate, wameshika pazia moja.

Mzee Sadala alisimama mlangoni kichwa wazi. Alionekana mfupi.

"Mzee mwenzangu," alisema, "nilikosa. Nilikuja na utani wangu kama mtu anayeingia na viatu mahali pa kuswali. Sikujua mliyopitishwa. Lile neno sitalitamka tena katika nyumba hii, na kama hutaki niingie, nitasimama hapa hapa. Kofia mnipe au msinipe. Msamaha ndio nilioufuata."

Mzee Hussein alikuwa kwenye kiti chake. Akainuka taratibu, akasogea pembeni, akakionyesha kiti kwa kidole.

"Mnyamwezi gani huyu anasimama mlangoni kama mgeni?" alisema. Sauti ilikuwa ngumu, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. "Kaa. Na kofia yako huipati bila jogoo."

Hakuna aliyecheka. Mzee Mhina alimtazama Mzee Sadala, Mzee Sadala akamtazama Mzee Hussein, asijue kama amesikia vizuri. Ndipo kicheko cha Bibi Maryamu kilipotoka mkekani, kikavuma, mpaka tasbihi ikamponyoka.

"Jogoo?" Mzee Sadala alisema kwa kujaribu. "Jogoo mzima kwa kofia iliyokaliwa? Kweli Mzigua ni mwizi tangu..." Akasita, akaogopa, akafumba mdomo.

"Endelea," Mzee Hussein alimwambia.

"...tangu yuko tumboni kwa mama yake," Mzee Sadala alimaliza, na machozi yakamtoka. Akaenda akakaa kwenye kiti cha mwenye nyumba.

"Amne!" baba aliita. "Leta maji. Mzee huyu aliomba maji ya kunawa siku ile, hakupewa."

Amne aliingia na birika na beseni, macho chini, ushungi umemkaa vizuri kuliko siku zote. Alipopiga goti, baba yake akampokonya birika. Akainama mwenyewe mbele ya yule Mnyamwezi, akammiminia maji mikononi, polepole, bila kumwaga tone nje ya beseni.

"Usizoee," akamwambia.

Hapo Mzee Sadala alicheka kile kicheko chake, na Magoma wangekuwa karibu wangejua kwamba hakuna aliyekufa. Lakini Mzee Hussein hakuwa amemaliza. Aliweka birika chini, akabaki amechuchumaa.

"Nina neno," alisema. "Bibi wa mama yangu alizikwa ugenini, hakuna wa kumtania. Mimi siku yangu ikifika, uje. Ulete fujo. Uwachekeshe wanangu."

Mzee Sadala alimshika mkono ukiwa bado na maji. "Nitalala kwenye kaburi lako na blanketi," alisema. "Hawataniondoa bila mbuzi."

Mama yake Amne aliachia pazia, akajifuta macho kwa upande wa kanga.

Mzee Mhina alikohoa. Maskini alikuwa amekaa na haja yake muda wote. "Na lile jambo letu, ndugu yangu? La vijana?"

Mzee Hussein alijifikicha magoti, akasimama. "Mzee Mhina, Zaidi nitampigia asije; mimi nimempata mtani leo. Unadhani nitamwacha aondoke bila kumpa sababu ya kurudi?"

Amne alisikia, lakini hakusikia sawasawa mpaka bibi yake alipompiga kikumbo. "Amekubali, wewe. Usikodoe macho, watadhani tunawapa zuzu."

Kisha baba yake akamnyooshea mkono. Amne aliushika. Ulikuwa mkavu, wenye sugu za jembe. Wakavuka sebule pamoja, wakavuka kizingiti, wakatoka nje mchana kweupe. Twaha alipowaona alishuka garini kwa haraka hadi akasahau kuachia mkanda, ukamrudisha kitini. Aliposhuka mara ya pili alisimama wima mbele yao, uso umemwiva, macho yake kwa Amne, kisha kwa mzee, kisha tena kwa Amne.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimesikia wewe ukija huku unauliza njia ya kwa Wasomali."

"Niliuliza mara moja, mzee. Sikujua."

"Utakuwa unakuja mara nyingi sasa," Mzee Hussein alisema, na mkono wa binti yake akauweka juu ya mkono wa kijana, mbele ya jirani yeyote aliyetaka kuona. "Ukipotea, uliza kwa Wazigua."